Kisu Kinachoua Mgomba

Huko Eringeti, kaskazini ya Beni, mgomba ni chakula cha nyumba. Walakini mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko ulionekana Masisi, kisha ukaenea Kivu ya Kaskazini. Majani huwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani. Dawa ya kuuponya haipo, ipo elimu.

Elimu hiyo watu wazima huipata katika shule ya shambani, namna iliyoanza Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga. Hapo twafundishwa kwamba kisu chetu wenyewe hubeba ugonjwa toka shina hata shina. Basi tukipitishe motoni kila mara. Ua lining'inialo chini ya mkungu tulivunje kwa kijiti chenye panda, kabla wadudu hawajaleta ugonjwa. Shina lililougua tulikate usawa wa ardhi. Na mvua zianzapo, tupande machipukizi ya shamba lenye afya tu.

Tangu mwaka 2014 mauaji yamewazuia wengi kufika mashamba ya mbali. Kwa hiyo migomba michache iliyo karibu na nyumba ndiyo uhai wa watoto. Mwenye mvi asione haya kuwa mwanafunzi: Mungu alimkabidhi Adamu bustani ili aitunze.