Baridi ya Nyanda za Kigoma: Mwili Unavyojilinda, na Hukmu ya Tayammum



Wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda kufanya kazi Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Kule ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sisi tuliozoea kipupwe cha pwani, shuka moja likatutosha, tukifika huko Juni au Julai tunakutana na alfajiri inayouma vidole. Mbingu huwa hazina mawingu, na joto la ardhi hupotea usiku kucha.

Ni katika hekima za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) kuwa ndani ya mwili joto hubaki karibu nyuzi 37. Ngozi ikihisi baridi, ubongo huamrisha mishipa midogo ya ngozi, mikono na miguu ijibane, ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ndiyo maana vidole hupoa mwanzo. Damu ikijaa ndani, figo hutoa maji zaidi, na mtu huhisi haja ndogo mara kwa mara. Isipotosha, misuli hutetemeka ili itoe joto. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hapo ni hatari: mtu huchanganyikiwa, ulimi huwa mzito na hata kutetemeka hukoma. Apelekwe hospitali haraka.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mkubwa. Akaushwe mara tu anapozaliwa, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, na kuogeshwa kungoje angalau saa 24. Wazee nao waangaliwe. Wala msilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake yenye sumu huua bila ya kunusa chochote.

Je, mwenye janaba alfajiri ya baridi afanyeje? Kwanza apashe maji moto, kisha ajikaushe upesi, kwani maji hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Baridi ya kukera tu si udhuru. Asipopata cha kupashia maji, na akachelea madhara ya kweli, atatayammam na kuswali. 'Amr bin Al-'Aasw (Radhiya Allaahu 'anhu) alifanya hivyo katika vita vya Dhaatus-Salaasil, mwaka wa 8 Hijriyyah, akitoa hoja ya Aayah ya 29 ya Suratun-Nisaa inayokataza kujiua. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alicheka na hakumkemea.

Katika madhehebu ya Shaafi'iy, kauli yenye nguvu ni kuwa aliyetayammam kwa baridi ataikidhi Swalah hiyo baadaye; Maalik na Abu Haniyfah hawakumlazimisha. Kwa vyovyote, asiiache Swalah ipite wakati wake.

Wazazi, mwanenu akisafiri, mtilieni sweta, soksi na blanketi.

Wa Allaahu A'lam.