Avio mpya zikiingia kazini, za zamani zinaenda wapi?

Mfanyabiashara wa Kamituga mwenye safari ya Kinshasa anapiga hesabu mara mbili. Kwanza ni hesabu ya barabara: kilometa karibu 180 hadi Bukavu kwa kupitia Mwenga, na mvua ikinyesha malori yanazama matopeni, safari ya siku moja inageuka ya siku nyingi. Pili ni hesabu ya anga: toka Kavumu hadi Kinshasa ni kilometa 1,500 hivi, na hakuna barabara ya kuaminika inayofika kule. Ndiyo maana swali la avio gani inaruka, ya umri gani, na nani anaitunza, si swali la matajiri tu. Ni swali la mgonjwa anayepelekwa kutibiwa mbali, la mwanafunzi, la mama anayetuma mizigo.

Tangu Februari 2025, vita vilipofika Kavumu, safari za kawaida za abiria zilisimama, na wengi wanazunguka kwa nchi jirani. Lakini kila watu wanapozungumza juu ya siku safari zitakaporudi, neno moja halikosi: “Watuletee avio mpya!” Neno hilo ni la haki. Ila tuangalie kwanza vile avio mpya inavyoingia kazini, na ile ya zamani inapokwenda, kwa sababu mara nyingi ile ya zamani ndiyo inayokuja kwetu.

Avio ya njia moja ni ipi?

Avio kubwa za abiria ziko za namna mbili. Kuna zile pana zenye njia mbili za kupita kati ya viti, zinazovuka bahari. Halafu kuna zile nyembamba zenye njia moja tu katikati. Boeing 737 na Airbus A320 ni za namna hii ya pili: viti vitatu upande huu, vitatu upande ule, abiria zaidi ya 150. Embraer za Brazili ni ndogo kidogo, viti viwili kila upande. Hizi za njia moja ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kuunganisha miji ya Afrika: Nairobi na Dar es Salaam, Kinshasa na Lubumbashi.

Kwa nini kompanyi inabadilisha avio?

Watu wengi wanafikiri avio inaondolewa kwa sababu imechoka, sawa vile gari linavyochoka. Mara nyingi sivyo. Avio ikitunzwa inaweza kuruka miaka 30. Kinachoiondoa kwanza ni hesabu ya franga.

Hesabu ya kwanza ni mafuta. Kwa kompanyi nyingi mafuta yanakula karibu robo ya matumizi yote, wakati mwingine zaidi. Airbus A320neo iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, na Boeing 737 MAX iliyoanza mwaka 2017, zilikuja na motere mpya. Watengenezaji wanasema zinapunguza mafuta kwa karibu asilimia 15 kuliko zile zilizozitangulia. Kwa avio inayoruka mara tano au sita kila siku, hiyo ni pesa nyingi sana.

Hesabu ya pili ni matengenezo makubwa. Kila baada ya miaka michache avio inaingia gereji kwa wiki nyingi. Inavuliwa viti, sakafu na kuta za ndani, na mafundi wanatafuta nyufa na kutu hadi kwenye mifupa yake. A320, kwa mfano, ina kazi kubwa ya namna hii kila miaka 6, na nyingine kubwa zaidi ikifika miaka 12. Kazi hiyo inaweza kugharimu mamilioni ya dola. Kompanyi tajiri inaangalia kalenda na kuuliza: tulipe, ama tuiuze mbele ya kulipa?

Jambo lingine la kujua ni kwamba umri wa avio hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Unahesabiwa pia kwa mara ngapi imepanda na kushuka. Kila ikipanda, hewa inajazwa ndani na mwili wake unatanuka kidogo, ikishuka, unarudi. Ni kama kukunja waya hapo hapo, tena na tena. A320 za kwanza zilipangiwa mizunguko 48,000 ya namna hiyo. Kwa hiyo avio ya miaka 15 iliyofanya safari fupi-fupi inaweza kuwa “mzee” kuliko ya miaka 20 iliyofanya safari ndefu.

Avio mpya haiingii peke yake

Avio kama 737 MAX ina bei ya orodha inayopita dola milioni 100. Hata kompanyi kubwa hazina pesa hiyo mfukoni. Nyingi zinakopa, ao zinapanga avio kwa kampuni inayoimiliki na kulipa kila mwezi, sawa vile mtu anavyopanga nyumba. Toka siku ya kuagiza hadi siku ya kupokea inaweza kupita miaka kadhaa.

Wakati huo wa kungoja si wa kulala. Mapiloti wanapelekwa shule, kwa sababu cheti cha kurusha Boeing 737 hakimruhusu mtu kurusha Airbus. Mafundi nao wanasomeshwa upya. Piesi za kubadilisha zinanunuliwa na kuwekwa stoo: matairi, breki, pampu, vyombo vya umeme. Halafu mamlaka ya anga ya nchi (kwetu ni AAC) inapaswa kuhakikisha vitabu, watu na avio viko sawa mbele ya abiria wa kwanza kupanda.

Avio mpya ikifika, zile za zamani haziondoki siku hiyo hiyo. Zinaruka pamoja kwa miezi ao miaka. Mpya inapewa kwanza safari chache, karibu na gereji, ili ikileta shida ipatikane haraka. Kipindi hiki ni cha gharama, maana kompanyi inalipa mapiloti wa aina mbili, piesi za aina mbili, mafundi wa aina mbili. Ndiyo maana kompanyi ndogo inayokusanya avio tatu za aina tatu inachoka upesi kuliko ile yenye avio tano za aina moja.

Mpya si kusema salama

Afrika Mashariki iliona jambo hili kwa uchungu. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 walikufa. Avio hiyo ilikuwa bado mpya kabisa. Miezi minne na zaidi mbele, nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Dunia nzima ilisimamisha 737 MAX. Ilionekana kwamba programu moja ya kompyuta ilikuwa inasukuma pua ya avio chini kwa kuamini chombo kimoja kilichotoa habari ya uongo, na mapiloti hawakuwa wamefundishwa juu yake. Wakati huo, piloti wa 737 ya zamani aliweza kuhamia ile mpya kwa somo fupi la kompyuta tu. Avio zilipokubaliwa kurudi, toka mwisho wa 2020, programu ilikuwa imebadilishwa na mapiloti wakaombwa kufanya mazoezi ndani ya mashine inayoiga avio. Ethiopian yenyewe ilirudisha zake kazini Februari 2022.

Tanzania nayo ilipata somo lake, bila msiba. Air Tanzania ilipokea Airbus A220 kuanzia Desemba 2018, avio za kisasa toka kiwandani. Lakini motere za aina hiyo zilileta shida kwa kompanyi nyingi duniani, na miaka michache baadaye baadhi ya A220 za Tanzania zilikaa chini zikingoja motere. Avio mpya bila motere haibebi mtu.

Na ile ya zamani?

Avio inayotoka kwa kompanyi tajiri ina njia tatu. Ya kwanza ni kuchinjwa: inapelekwa pahali pakavu, kama Teruel huko Hispania ao jangwa la Arizona, motere na piesi zinauzwa, mwili unakuwa chuma chakavu. Ya pili ni kugeuzwa kuwa ya mizigo. Ya tatu ni kuuzwa ao kupangishwa kwa kompanyi ya nchi yenye pesa kidogo.

Njia hii ya tatu inatugusa. Kwa miaka mingi anga ya Congo ilijaa Boeing 727, DC-9 na MD-80 zilizokwisha kumaliza kazi yao ya kwanza Marekani na Ulaya. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya kompanyi ya Hewa Bora, yenye umri wa zaidi ya miaka 30, ilishindwa kuinuka Goma. Ilipita mwisho wa pisti na kuingia Birere, kati ya nyumba na soko. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, watu ambao hawakununua tiketi yoyote. Na pisti yenyewe ilikuwa imekatwa: lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika karibu kilometa moja yake.

Watu wengi walilaumu uzee wa avio. Lakini avio za aina hiyo hiyo, DC-9 za umri huo, zilikuwa bado zinaruka Marekani mwaka ule. Tofauti ilikuwa katika vitu vinavyoizunguka avio: gereji, ukaguzi, urefu wa pisti, na nyumba zilizojengwa hadi kwenye ukuta wa kiwanja. Umoja wa Ulaya ulikuwa umefunga anga yake kwa kompanyi za RDC tangu 2006, na sababu yake kubwa ilikuwa ukaguzi dhaifu wa Leta juu ya kompanyi zenyewe.

Congo imejaribu kubadilisha

Congo Airways, kompanyi ya Leta, ilianza kuruka Oktoba 2015 na Airbus A320 mbili zilizotumika mbele na Alitalia ya Italia. Hata mbele ya kuanza, moja ilikamatwa Dublin, Irlandi, Agosti 2015, kwa sababu ya deni ambalo wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wanalidai Leta ya Congo juu ya mambo ya madini. Mwisho wa 2019 kompanyi iliagiza Embraer mbili mpya. Mwaka 2020 ikabadilisha agizo, ikachagua E190-E2, aina ya kisasa zaidi, na ilipangwa zifike 2022. Mwaka huo ulipita bila avio hizo kuingia kazini, na zile za zamani zikaendelea kukosa matengenezo.

Desemba 2024 ikaja Air Congo. Leta ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines ina 49. Ilianza na Boeing 737-800, aina iliyotangulia MAX. Si avio mpya toka kiwandani. Lakini nyuma yake kuna Ethiopian, yenye gereji yake Addis Ababa, shule yake ya mapiloti, na 737 nyingi za aina hiyo zinazotumia piesi zile zile. Kwa abiria, hilo linaweza kuwa na uzito kuliko mwaka wa kuzaliwa wa avio.

Na Kavumu?

Kavumu iko metre 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na pisti yake ina metre 2,000 hivi. Pisti ya Ndjili, Kinshasa, ina metre 4,700, na Kinshasa iko chini sana kuliko kwetu. Juu ya milima hewa ni nyepesi: mabawa yanabeba kidogo, motere zinasukuma kidogo, kwa hiyo avio inahitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi mbele ya kuinuka. Mvua ikinyesha, inahitaji pia nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Ili 737 ao A320 itumie pisti fupi namna hiyo, inapaswa kupunguza abiria, mizigo ao mafuta. Viti vikibaki wazi, bei ya tiketi inapanda. Ndiyo sababu avio za panga, zile za motere mbili zenye kuzungusha upepo nje, zinafaa Kavumu kuliko jeti kubwa.

Na mtu anayekwenda Shabunda ao Kalima hata hiyo haioni. Yeye anapanda Antonov ao Let L-410, pamoja na magunia, hadi kwenye pisti ya udongo. Agosti 2020, L-410 iliyotoka Kalima ilianguka mbele ya kufika Kavumu, na wote waliokuwa ndani walikufa. Jeti mpya za Kinshasa hazigusi safari hizo. Zile zinahitaji ukaguzi wa avio ndogo, mizani ya mizigo isiyodanganya, na pisti iliyokatwa majani.

Basi siku mkubwa mmoja atakaposimama na kutangaza avio mpya ya mashariki, mwananchi anaweza kumuuliza: itatengenezwa gereji gani? Piesi ziko wapi? Mapiloti wamesoma kwa aina hii? Nani anaikagua, na anaweza kuisimamisha? Na pisti ya Kavumu itaipokea ikiwa imejaa? Rangi ya avio tutaiona wenyewe siku itakaposhuka.