Joka lililogoma kugeuka

Shika simu yoyote ya kisasa sokoni Ariwara, mji wa biashara wa wilaya ya Aru, jimbo la Ituri, jirani na mpaka wa Uganda. Ilaze ubavu, picha inajigeuza. Fungua mbio za magari, iinamishe kushoto, gari linakata kona. Watoto wanafanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Mwaka 2007 jambo hilohilo liliizamisha gemu moja kubwa ya PlayStation 3.

Gemu hiyo ni Lair, kazi ya kampuni ya Factor 5. Mchezaji anapanda joka linalotema moto, na hulielekeza kwa kuinamisha pedi yenyewe, ile iliyoitwa Sixaxis. Ukiirusha pedi juu kwa ghafla, joka linatakiwa ligeuke nyuma. Ukiisukuma mbele, liongeze kasi. Linatakiwa, nasema. Wahakiki walilalamika kwamba waliomba hili wakapewa lile, na wakaiponda bila huruma. Aprili 2008 yakatolewa marekebisho ya kuruhusu vijiti vya kidole gumba. Mwaka uliofuata, Factor 5 ya Marekani ikafungwa.

Kosa lilikuwa wapi? Ndani ya pedi kama ile, na ndani ya simu yako, mna kipande cha silikoni chenye uzito mdogo mno unaoning'inia kwenye springi nyembamba kuliko unywele. Pedi ikisogezwa, uzito huo unabaki nyuma kidogo, kama abiria dereva anapoondoa gari kwa pupa, na umeme unaopimwa kandokando yake unabadilika. Hicho ndicho kihisi mwendo. Hata kikitulia mezani hakipumziki: kinaendelea kupima mvuto wa dunia, na kwa mvuto huo kinajua upande wa chini ni upi.

Shida ni kwamba mvuto na msukumo wa mkono vinafika kwake vikiwa vimechanganyika. Hebu rusha mkono juu haraka: kiganja nacho kinapinda. Je, mchezaji ameinamisha pedi au ameirusha? Programu inabaki kukisia. Ikisubiri kupata uhakika, joka linachelewa. Ikifanya haraka, inakosea. Tena, ukizungusha pedi ikiwa imelala bapa, kihisi hicho hakioni karibu chochote. Ndiyo maana inahitajika jairoskopu, kihisi cha mzunguko. Sixaxis ilikuwa nayo ya mhimili mmoja tu. Nintendo iliongeza ya mihimili mitatu kwenye rimoti ya mashine yake ya Wii mwaka 2009, na pedi ya PlayStation 4 ikaja nayo mwaka 2013.

Tusiicheke Sixaxis sana, maana hata sikio la binadamu lina udhaifu huo. Ndani yake mna chembe za chokaa zinazolemea vinyweleo vya fahamu, nazo huhisi mvuto na msukumo kwa pamoja. Pembeni kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi mzunguko. Rubani akiongeza kasi ghafla gizani, chembe zile humdanganya kwamba pua ya ndege inainuka, naye akizitii anaweza kuielekeza ndege ardhini. Sisi wengine tunaokolewa na macho, kwa sababu ubongo hulinganisha taarifa zote kabla ya kuamua.

Kwa maoni yangu, Lair ilihukumiwa na watu waliokuwa na haraka ya kuandika. Si gemu nzuri sana, lakini inachezeka ukijua kihisi chake kinataka nini: inamisha polepole, usikaze mabega, na ukirusha, rusha kwa kifupi na kwa kunyoosha, bila kupinda kiganja.

Ujuzi huo unafaa hata kwenye simu. Nyingi za bei nafuu zina kihisi mwendo lakini hazina jairoskopu, kwa hiyo mbio za magari zitakwenda vizuri, ila kulenga shabaha kwa kuzungusha simu kutagoma. Usiulaumu mkono wako; uliza kabla ya kulipa.

Na ukikuta PS3 ya mtumba ikiwa na Lair, fahamu kwamba marekebisho ya 2008 hayakuwa kwenye diski za mwanzo. Bila intaneti, utalirusha joka kwa kuinamisha pedi tu. Lipe jioni moja kabla ya kumrudishia muuzaji diski yake.