Msumari Mmoja Juu ya Darasa la Tatu

Kilichonikera ni raba. Ile ndogo inayokaa chini ya kofia ya msumari wa bati. Jua likiipiga miaka mingi hukauka, ikapasuka, ikadondoka. Aliyenionyesha ni fundi mmoja mkoani Tanga, mzee aliyemaliza ujana wake juu ya mapaa ya shule.

Alinipandisha ngazi katika darasa lisilo na dari, akanielekeza nitazame msumari mmoja kwa chini. Pembeni yake mwanga ulipenya. Maji huingia hapo, alisema, tone kwa tone, kila masika na kila vuli. Papi hulowa, kenchi hupokea unyevu, mchwa hufuata. Akagonga kenchi kwa nyundo. Upande mmoja ulilia mkavu. Wa pili ukatoa mlio wa kibuyu. Akachomeka bisibisi, ikazama hadi mpinini. Kwa nje mbao ilikuwa nzima, na rangi yake juu.

Chini ya kenchi hiyo wanasoma watoto wa darasa la tatu.

Madarasa mengi kama hili yaliinuliwa na nguvu za wanavijiji baada ya Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote. Miaka ya karibuni Serikali imejenga madarasa mapya kwa maelfu, 15,000 kwa fedha za kukabili UVIKO-19 peke yake, na watoto wameyahitaji. Lakini darasa jipya huzinduliwa. Raba ya msumari haina mgeni rasmi. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ina vitabu, mitihani na chaki vya kugharamia kabla haijafika paani.

Mzee anasema huitwa paa likishaezuliwa. Kukagua hajaitwa hata mara moja. Angependa kila shule iwe na daftari la jengo: nani alipanda juu, aliona nini, kimerekebishwa lini, na sahihi ya mhandisi wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai, vuli Oktoba. Miezi hiyo ya kiangazi inatosha kubadili misumari.

Nilimuuliza kenchi ile ikianguka atawajibika nani: mwalimu mkuu, kamati ya shule au halmashauri?

“Wewe ndiye msomi, mwanangu. Sheria inasemaje?”

Ukaguzi wa paa kabla ya mvua usiwe hisani ya mwalimu mkuu. Uandikwe katika Sheria ya Elimu, pamoja na fungu lake na jina la mwenye dhamana. Nanyi madiwani, bajeti ikifika mezani, ulizeni kwanza fungu la ukarabati ni kiasi gani.