Kisu Hiki Kitakula Nini?

Mgeni mmoja, aliyeletwa kutembezwa Kibera kama watembezwavyo wengi wajao kutazama mabati na matope kisha wakaenda zao na picha, alisimama mbele ya karakana ya ami yangu iliyokuwa uani mwa nyumba yake Kambi Muru, akaokota kisu ambacho hakijatiwa mpini, akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu, kitamchoma nani. Ami hakusema neno, kwa kuwa mgeni hustahiwa hata akikosea. Mimi nami nilinyamaza, walakini neno lile limenikaa kooni hata leo. Tangu maafa yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wengi wasiotujua hawaoni chuma chenye makali mkononi mwa mtu wa Kibera au wa Kawangware ila hukidhania silaha; na hali kisu kwetu ni chombo cha riziki, nacho kina nasaba yake na adabu zake.

Sisi Wanubi ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles, waliokalishwa katika pori hili mwanzoni mwa karne ya 20, wakaliita Kibra, yaani msitu. Reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi mwaka 1899, na kipande cha chuma chake kilichotupwa ndicho kilichokuwa fuawe ya ami, naye amekirithi kwa marehemu babu. Lakini uhunzi wenyewe hakuurithi. Alifunzwa na jirani Msamia, mtu wa kabila ambalo zamani liliyeyusha chuma katika vilima vyake na kufua majembe yaliyouzwa hata ng'ambo ya mpaka, Uganda. Hivyo fuawe ilikuwa ya Mnubi na nyundo ya Msamia, na hakuna katika mtaa aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Hayo ya Wamaasai kuwatenga wahunzi wao, na ya Wagikuyu kuicha laana ya mfua chuma, yamekwisha kuandikwa na wengine, wala sina haja ya kuyarefusha.

Kabla hajagusa chuma, ami humwuliza mwenye haja, awe nani, swali moja: "Kisu hiki kitakula nini?" Watu husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, yeye husema kisu ndicho kilacho kwanza, na asiyejua kisu chake kitakula nini hana haja ya kisu. Mama muuza mboga akijibu kuwa ni sukuma wiki, hufuliwa bapa jembamba, jepesi, lisilouchosha mkono. Mchinjaji hufuliwa kizito kutokana na springi ya lori. Na fundi viatu hutengenezewa kifupi kutokana na msumeno wa chuma uliokwisha meno. Jawabu ndilo lichagualo chuma, na chuma ndicho kiamuacho moto.

Basi nifike katika jambo nilipendalo kuliko yote, nalo ni matiko, yaani ugumu ambao chuma hupewa kwa moto. Ami huyatia magharibi, jua likiwa linazama, na wasiojua wakadhani ni saa ya mizungu na uganga. Ilhali sababu yake ni kwamba mchana mkali huificha rangi ya moto, na rangi ndiyo mizani ya mhunzi. Watoto tulikatazwa kusema. Aliyepewa kuzungusha feni, ile iliyoshika mahali pa mivukuto, alizungusha taratibu, na makaa yakaanza kuhema. Chuma kikapita wekundu wa damu, kikafika wekundu wa jua linalotua, na hapo ami akakisogeza karibu na sumaku aliyoitoa katika spika mbovu ya redio. Ikikivuta, bado, isipokivuta, umewadia wakati, kwa kuwa chuma kilichofikia takriban nyuzi 770 za Selsiasi huiacha sumaku. Ami akakiongeza moto kidogo tu, akasema Bismillahi, akakichovya katika mafuta machafu ya gari yaliyokwisha kupashwa, wala si katika maji, kwani springi ikitiwa majini hupasuka, na ukiwa karibu utausikia mlio wake mwembamba, nao ni mlio wa kazi ya kutwa nzima iliyopotea bure.

Hapo kisu kimekuwa kigumu, lakini ni ugumu wa kioo: kikianguka, kitavunjika. Ndipo ami hukisugua kwa mchanga hata king'ae, akakirudisha juu ya jivu lenye moto, mgongo ukitangulia kupata joto, akaingoja rangi ya majani makavu itambae hadi kwenye makali. Ikifika, akakiondoa. Akichelewa, ikaja rangi ya samawati, matiko yamekimbia, na kazi yote yaanzwa upya. Sijapata kuona subira kama ile katika swala ya mtu yeyote.

Mpini hutokana na mti mgumu, au pembe na mifupa inayopatikana machinjioni Dagoretti, ukafungwa kwa misumari ya shaba, ukachongwa kwa kipimo cha kiganja cha mwenyewe. Kisu kikikabidhiwa, ami hukitanguliza mpini, na hataki kionje kitu kingine kabla ya chakula. Cha haboba, yaani nyanya yangu, kilionja kitunguu, na hadi alipofariki kilikuwa kimenolewa hata kikawa chembamba kama jani la muwa. Kwa Idi kubwa ami alinoa visu vya mtaa mzima pasipo ujira, mbali na kondoo wasivione, kwa kuwa dini imetuamuru tukinoe kisu ili mnyama asiteseke. Je, hiyo ndiyo silaha?

Mwezi wa Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, karakana ya Kambi Muru ilikwenda pamoja nazo. Ami alikodi chumba Kawangware, akaibeba fuawe yake kwa mkokoteni. Mwaka huo huo ukataji miti katika misitu ya serikali ulikuwa umepigwa marufuku tangu Februari, na bei ya makaa ilipanda. Vijana wa siku hizi hawaungoji moto, huikata springi kwa grinda, wakainoa papo hapo, na makali yakageuka samawati machoni pao wasijue kwamba matiko ndiyo yale yanayokwenda. Kisu hicho hung'aa siku ya kwanza, na wiki ya pili hupondaponda nyanya. Nao wanunuzi hawalalamiki, maana cha dukani kitokacho ng'ambo ni rahisi zaidi, wakikichoka wakakitupa.

Nilipokwenda kumzuru mara ya mwisho, alikuja kijana na kipande cha springi, akataka kisu kirefu chenye makali pande mbili, na fedha mkononi maradufu ya bei. Ami akamwuliza kama aulizavyo wote. Kijana akacheka, akasema, "Mzee, fanya kazi tu." Ami akauliza mara ya pili, kisha, alipokosa jawabu, akamrudishia chuma chake kwa mikono miwili, kama arudishaye amana. Jioni ile hatukuwasha moto, kwa sababu gunia la makaa lilikuwa tupu na fedha ya kulijaza ilikuwa imekwenda na kijana.

Natamani mgeni yule wa Kambi Muru angalikuwapo, apate kuliona jawabu la swali lake. Ami ametimiza miaka sabini na kitu, mikono yake hutetemeka, na hana mwanafunzi. Mama mmoja wa sukuma wiki hapo Kawangware alikileta kisu chake juzi, kimeisha, akiomba kingine kama hicho. Ami alimketisha, akamwuliza kitakula nini, ijapokuwa amemfulia visu vinne tangu ahamie huko na jawabu analijua.