Mkongojo usimteleze bibi mkononi

Mama mkwe alianguka bafuni mwezi uliopita. Mkongojo alikuwa nao, ila mshiko wake ni chuma laini, na mkono ulikuwa na sabuni. Mume wangu, fundi wa kukereza vyuma, akaamua kumtengenezea mshiko wenye meno.

Wa kwanza uliharibika. Vigurudumu vya kuchapa meno vilichapa alama juu ya alama, chuma kikabaki na ncha za kuchoma kiganja. Mashine yake ni ndogo. Ukikandamiza upande mmoja tu, chuma kinapinda. Akaazima kifaa chenye vigurudumu viwili, kimoja juu, kingine chini, vinavyobana pamoja.

Halafu hesabu, ambayo mafundi wengi huiruka. Chuma cha kipenyo cha milimita 20, meno yakipishana milimita 1, mzunguko wake hubeba meno 62.8. Hicho kipande cha jino ndicho kilicholeta fujo. Akapunguza hadi milimita 19.74, yakaenea meno 62 kamili. Mashine polepole, mafuta bila ubahili, na kubana kwa nguvu tangu mwanzo.

Bibi aliupapasa kwa mkono uliolowa, akaenda kuoga bila kumwita mtu.