Mpira wa shingoni: dalili za kutonyamaziwa

Huenda hapa Segerea umewahi kumuuguza ndugu wa figo aliyerudi kutoka kusafishwa damu Muhimbili akiwa na mpira shingoni. Leo tuzungumzie madhara ya nadra ya mpira huo, kwani dalili zake mara nyingi huonwa kwanza na anayeuguza.

Mpira huingizwa katika mshipa mkubwa wa shingoni au chini ya mtulinga, na ncha yake hufika karibu na moyo. Hutumika njia aliyoieleza daktari wa Sweden, Seldinger, mwaka 1953: sindano hutangulia, waya mwembamba hupitishwa ndani yake, sindano hutolewa, mpira hufuata juu ya waya, kisha waya hutolewa.

Wagonjwa wengi hawapati tatizo. Lakini mara chache hutokea haya:

Kwanza, sindano hugusa pafu. Hewa huvuja kifuani na kulibana pafu. Mgonjwa huchomwa kifua upande mmoja na kupumua kwa shida, pengine baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana hupigwa eksirei. Msiione kuwa gharama ya bure.

Pili, sindano hutoboa mshipa wa ateri. Shingo huvimba na uvimbe huongezeka.

Tatu, na ni nadra zaidi, ncha hutoboa moyo. Damu hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo na kuubana. Presha hushuka na mgonjwa hulegea ghafla.

Nne, hewa hufyonzwa ndani ya mshipa. Hili laweza kutokea hata nyumbani, kifuniko kikifunguka au mpira ukichomoka. Kifuniko kikifunguka, bana mpira kwa kibanio chake. Ukichomoka, kandamiza tundu kwa kitambaa safi bila kuachia, wala usijaribu kuurudisha. Kwa hali zote mbili mlaze mgonjwa mara moja. Akihema, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo. Kisha mkimbizeni hospitali.

Ama udhu, usiuogope: shingo na kifua si viungo vya faradhi. Bandeji isilowe tu. Kuhusu josho, muulizeni shekhe wenu, kwani sharia ina ruhusa kwa mwenye jeraha.

Ndugu zangu, mgonjwa akisema "sipumui vizuri", msimwambie avumilie hadi asubuhi. Semeni mapema, hata kama ni usiku wa manane.

Allah awape shifa wagonjwa wetu. Amin.